Bi. Levina na Swali la Ukurasa wa Tatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Levina Njahani, Karani Mkuu wa Masjala katika ofisi yetu ya Ifakara, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Katika miaka hiyo Wakala wetu wa Mifereji Bondeni umebadilisha wakurugenzi saba. Masjala ilibaki na Levina wake yule yule.

Aliajiriwa akiwa binti wa miaka ishirini na sita kutoka Lupiro. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha taarifa ya kila robo mwaka inawafikia madiwani wa pande zote mbili za mto siku saba kabla ya kikao cha baraza lao la pamoja. Hao ndio wanaotunga sheria ndogo za mifereji na kuamua kipi kitengenezwe kwanza. Enzi hizo daraja halikuwepo. Alivuka kwa kivuko, kisha akaendelea kwa baiskeli. Safari moja taarifa ya kurasa arobaini ilinyeshewa. Akaazima pasi ya mkaa kwa shangazi yake na kuinyoosha taarifa ukurasa mmoja mmoja, na diwani akaipokea ikiwa bado na joto.

Sahihi ya diwani kwenye daftari la kupelekea barua haikumtosha. Baada ya siku mbili alimtafuta mheshimiwa, wakasalimiana vizuri, kisha akauliza ukurasa wa tatu umesemaje. Ukurasa huo ndio unaobeba maombi yetu kwa baraza. Waheshimiwa walilalamika kwamba Mama huyu anawatahini kama watoto wa darasa la nne, ila walisoma.

Mimi nilifika miaka minne iliyopita kama afisa TEHAMA, nikiwa na ujuzi mwingi na subira kidogo. Ndimi niliyependekeza taarifa ziende kwa barua pepe. Kwenye kikao cha wafanyakazi wote tulimtazama Bi. Levina tukitegemea apinge. Aliuliza jambo moja tu: tutajuaje kama wamesoma? Nikamweleza kwa fahari kwamba mfumo utatuonyesha saa na dakika ambayo kila mmoja amefungua. Akasema sawa, ila angependa kuiona orodha hiyo.

Robo yetu ya kwanza ya barua pepe ilikuwa ya Novemba, na ukurasa wa tatu ulikuwa mzito. Lango la mfereji wa Mchombe lilikuwa limepasuka. Baraza la Alhamisi lisipopitisha matengenezo, mvua zingeanza lango likiwa vile vile, na maji yangefagia miche ya mpunga ya kaya zaidi ya mia mbili. Jumatatu nilimwandikia mkurugenzi kwamba madiwani wote wamesoma.

Bi. Levina akaomba orodha, akavaa miwani, akakaa nayo kama mtu anayechagua mchele. Kisha akauliza kwa upole: diwani wa Mchombe, wa Sanje na wenzao saba, wote wamefungua kati ya saa mbili na saa mbili na dakika sita asubuhi. Hawa wamekutana wapi? Akampigia simu Mheshimiwa Fidel wa Mchombe kumuuliza habari za ukurasa wa tatu.

“Ukurasa gani tena, Mama? Mimi nawasubiri mlete.”

Kumbe tulipowaomba anwani za barua pepe, waheshimiwa tisa walikwenda steshenari moja karibu na stendi wakafunguliwa anwani hizo huko. Dada Merina, mwenye duka, alizitunza nywila zao kwenye daftari. Kila asubuhi alifungua barua zao kwa uaminifu, akazichapa na kuziweka kwenye bahasha zenye majina. Wenyewe huzichukua wanapokuja mjini siku ya gulio. Gulio ni la kila baada ya wiki mbili, na lililofuata lilikuwa Ijumaa, siku moja baada ya kikao.

 Nakiri nilitaka turudie karatasi na pikipiki. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunicheka ndiye aliyekataa. Alisema tukiwapelekea karatasi leo, robo ijayo watasubiri karatasi, na yeye hatakuwepo siku zote. Jumatano akawaita wote tisa pale pale steshenari na simu zao. Akawafundisha mmoja mmoja kubadili nywila, kufungua barua na kusoma mpaka ukurasa wa tatu. Kazi yangu ilikuwa kushika chaja. Mzee Silvano wa Sanje, mwenye simu ya kitochi isiyofungua barua pepe, peke yake aliruhusiwa karatasi, tena kwa masharti. Nilipomuuliza Bi. Levina amejifunzia wapi mambo haya, alisema kwa Merina, jana yake jioni.

Alhamisi matengenezo yalipita bila hata mmoja kupinga. Lango lilikamilika siku tisa kabla ya mvua, na Mchombe walivuna. Bado najiuliza ingekuwaje kama angeridhika na orodha yangu. Jibu lake silipendi.

Bi. Levina, ofisi nzima inakushukuru. Mimi nakushukuru zaidi kwa kunisitiri: hukumwambia mkurugenzi neno mpaka nilipomwambia mwenyewe. Rudi Lupiro ukapumzike, na Mungu akujalie afya, mavuno na miaka mingi ya furaha. Wasifu huu tulikutumia jana kwa barua pepe, na mfumo unaonyesha umeufungua. Jumamosi nitavuka daraja nije Lupiro nikusikie mwenyewe kama umeusoma.

Steven Mkangamo
Kitengo cha TEHAMA