Cheche Abaki Ndani au Atoke?

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliong'olewa kwenye lori bovu. Linabeba watu wanne wanaopatana au watatu waliogombana, na siku hiyo walikuwa watatu. Kushoto alikaa Wembe, kinyozi, taulo begani kana kwamba wateja wamepanga foleni. Katikati, Mzee Kifungu, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na minane, akabeba mafaili mengi hata akaamini ameyasoma. Kulia, Dobi, vidole vimekunjamana kwa sabuni, kikombe chake hajakigusa. Birika, muuza kahawa, husimama siku zote, akisema makaa hayachungwi na mtu aliyekaa. Mimi nina kibanda cha fotokopi hatua tatu kutoka hapo, na wananiita Msomi, kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kutoa pole.

Mjadala ulikuwa mmoja tangu asubuhi. Cheche, fundi wa kuchomelea, mtu wetu wa kahawa ya saa nne, alikuwa kizimbani. Alishtakiwa kwamba siku ya zile vurugu za ghala la nafaka, wiki mbili nyuma, alimpiga mlinzi kwa bomba la chuma. Saa nane mchana hakimu angetoa uamuzi: apewe dhamana arudi nyumbani, au akae rumande hadi kesi isikilizwe, yaani miezi minane kama mahakama ikienda mbio. Na mlinzi aliyepigwa ni mdogo wake Dobi, tumbo moja.

Niseme pia kwamba kijiwe kina sheria moja, na niliitunga mimi. Nilichoka na uvumi. Nikasema atakayeanza habari na "nimesikia" anasimama, anampisha mwenzake. Walicheka, wakakubali, na sheria imeshika mwaka wa tatu sasa. Niliijivunia.

Wembe: Akae ndani. Mimi sina ugomvi na Cheche, nimemnyoa tangu ana nywele za kunyolewa, lakini akae ndani. Samaki mkunje angali mbichi.

Mzee Kifungu: Ana miaka thelathini na minne. Huyo samaki keshakauka.

Wembe: Ndiyo maana akunjwe leo.

Mzee Kifungu: Tulia. Rumande si adhabu. Kisheria mtu hana hatia mpaka ithibitishwe.

Birika: Kwa hiyo wanamfunga asiye na hatia.

Mzee Kifungu: Hawamfungi. Wanamhifadhi.

Birika: Na mlango wa huko kuhifadhiwa, kufuli iko upande gani?

Mzee Kifungu: Usinivuruge, Birika. Wahenga walilimaliza hili zamani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hiyo ndiyo rumande yenyewe. Kama kosa halipo, mtu anakaa pale tukilisubiri.

Nilicheka. Nikajikuta nacheka peke yangu.

Dobi: Mdogo wangu taya limefungwa kwa waya. Anakunywa maziwa kwa mrija. Hakumbuki kitu tangu asubuhi ya siku ile. Kila nikienda ananiandikia kwenye karatasi neno moja, "nani". Leo jioni nikienda nimwambie nini? Kwamba aliyekupiga yuko nje anachomelea madirisha ya watu, kwa sababu hana hatia mpaka ithibitishwe?

Wembe: Mwambie yuko ndani.

Dobi: Na akiachiwa saa nane?

Wembe alikunywa kahawa iliyokwisha kitambo.

Wembe: Hawawezi kumwachia. Atakimbia. Mimi niliona kwa macho yangu mawili begi jeusi limefungwa pale karakana kwake, siku moja kabla hajakamatwa.

Birika: Si begi la vifaa hilo?

Wembe: Vifaa ndiyo safari yenyewe, ndugu yangu. Wewe ukifika mpakani unaonyesha kitambulisho. Fundi wa kuchomelea akifika mpakani anakata uzio.

Mzee Kifungu: Kukimbia si hoja kubwa. Hoja kubwa ni kuvuruga mashahidi. Kifungu kipo.

Birika: Kifungu cha ngapi?

Mzee Kifungu: Kipo. Akitoka leo, kesho anapita kwa shahidi mmoja mmoja na mashine yake ile ya cheche, hasemi kitu, anaiwasha tu. Nani atafungua mdomo? Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo asiwepo.

Birika: Nyote hamjui siri ya jambo hili. Gereza lina shida ya nondo.

Wembe: Nondo gani tena?

Birika: Za madirisha. Zimeliwa na kutu, nimeziona kwa macho yangu mawili nikipeleka kahawa kwa askari. Sasa fikirini. Mwaka juzi choo cha gereza kiliziba. Wiki hiyo hiyo zikatokea vurugu stendi. Waliokamatwa, mafundi bomba wanne. Mwaka huu nondo zimeoza, amekamatwa nani?

Mzee Kifungu: Unataka kusema serikali inampa mahabusu kazi ya kuchomelea dirisha la chumba chake mwenyewe?

Birika: Nani atalipima vizuri kumshinda yeye?

Hata Mzee Kifungu alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoharibu hali ya hewa. Dobi aliweka kikombe chini, polepole, bado kimejaa.

Dobi: Mnacheza.

Birika: Hapana, kaka, tunapitisha...

Dobi: Mnacheza na mtu ana waya mdomoni. Nauliza kitu kimoja. Abaki ndani au atoke? Msomi, wewe hujasema. Umejificha nyuma ya mashine tangu asubuhi.

Mimi: Kama yupo aliyemwona akipiga, abaki. Kama hayupo, atoke.

Lilikuwa jibu safi. Nimefundishwa majibu safi miaka minne, nina cheti chake ukutani.

Dobi: Basi yupo. Mpelelezi kaniambia mwenyewe. Shahidi mtu mzima, aliyekuwa amekaa akitazama, si hawa waliokuwa wanakimbia hovyo. Kwa hiyo abaki. Umesema wewe.

Wembe alianza kulikunja taulo lake. Akalikunja mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama leso. Mzee Kifungu akakumbuka kusafisha miwani. Nikaona, lakini sikujua nimeona nini.

Ndipo alipofika mwanamke tusiyemjua. Alikuwa na sare ya kijani ya wasafishaji wa maofisi na bahasha kaki kubwa, na alitembea kama mtu aliyeomba ruhusa ya saa moja akapewa nusu.

– Shikamoo, mzee. Hamjambo nyote.

– Marahaba, mwanangu, alisema Mzee Kifungu.

– Nani anatoa kopi? Nataka nne za hii. Naomba ziwe za kusomeka.

Mzee Kifungu hana uwezo wa kuiona karatasi asiulize.

– Ni za mahakamani?

– Ndiyo, mzee. Mimi ni dada yake yule fundi wa kuchomelea. Upande wa mashtaka unapinga dhamana, hii ndiyo sababu yao. Wakili wetu kaipata asubuhi hii.

Hakuna aliyemtazama Dobi. Walijitahidi sana kutomtazama.

Mashine yangu ni ya zamani, taa yake hupita taratibu kama mzee anayetafuta sindano, na mtu akisimama hapo hawezi kuacha kusoma. Ilikuwa nusu ukurasa. Shahidi namba mbili, jina limehifadhiwa. "Nikiwa nimeketi kwenye benchi la kahawa lililo kwenye kona, nilimwona mshtakiwa kwa macho yangu mawili, ameshika bomba la chuma, akimpiga mlinzi kichwani mbele ya geti la ghala."

Kwa macho yangu mawili. Nilisoma maneno hayo kopi ya kwanza, nikayasoma ya pili, na kufikia ya tatu nilikuwa nimeshamkumbuka yule askari aliyevaa kiraia. Alikuja siku mbili baada ya vurugu, akakaa katikati ya benchi, akanywa vikombe viwili, akauliza kwa upole nani aliona nini. Mtu yeyote mwenye akili angesema alisikia kelele akafunga mlango. Siku ile kila mmoja alifunga mlango, mimi wa kwanza. Lakini hapa kwetu anayesema "nimesikia" anasimama, na nani alitaka kusimama mbele ya afande? Mmoja alimwona Cheche na bomba. Mwenzake alimwona akipiga. Wa tatu aliongeza kichwa. Walipokezana hadithi kama ndoo ya maji kwenye moto, kila mmoja kwa macho yake mawili, na kijitabu cha afande kikajaa. Mimi nilikuwa hapa hapa, nikicheka kimoyomoyo, nikiwaona wazee wazima wanavyong'ang'ania ubao. Aliyetia sahihi baadaye huko kituoni ni yupi, sijui hata leo.

Nilimpa kopi zake. Hakuondoka.

– Wakili kasema nikishamaliza niliangalie na benchi lenyewe. Ndilo hili?

– Ndilo, alisema Birika.

– Naweza kukaa kidogo?

Mzee Kifungu akasogea, Wembe akasogea. Dada akakaa kati ya Mzee Kifungu na Dobi, bahasha mapajani, mgongo umenyooka. Akatazama mbele kama abiria.

Dobi: Dada, mimi unanijua?

– Hapana, kaka.

Dobi: Aliyepigwa ni mdogo wangu.

Nilidhani atainuka. Alimgeukia tu.

– Pole sana, kaka. Anaendeleaje?

Dobi: Haongei. Taya.

– Pole. Nilitaka kwenda kumwona, nikaogopa mtanifukuza.

Dobi: Ningekufukuza.

– Ungekuwa na haki yako. Mdogo wangu analala kwenye chumba cha watu arobaini, na kifua chake kimeshaharibiwa na moshi wa kuchomelea. Jana aliletwa mahakamani kashikwa mkono na mwenzake, kama kipofu. Lakini kama ni yeye aliyempiga ndugu yako, mimi mwenyewe sitakwenda tena kumtafutia wadhamini. Nimemlea, namjua, na hata hivyo nasema hivyo.

Dada akageuka tena mbele.

– Geti la ghala liko wapi?

Birika, ambaye miguu yake inajua kila mlango unaonunua kahawa, alijibu kabla hajafikiri.

Birika: Unashuka hadi kituo cha mafuta, unapinda kulia, unapita viwanda vya mbao, unapinda tena. Dakika sita, saba.

– Mimi nauliza kutoka hapa. Niangalie wapi ndipo nilione?

Mbele ya benchi letu kuna ukuta wa duka la dawa. Ni mrefu, umepakwa rangi ya bluu, na una tangazo la sabuni ambalo jua limekula nusu yake. Juu ya ukuta kuna mbingu. Kushoto ni kibanda changu, kulia ni mlango wa Wembe. Miaka mitatu nimekaa pale, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza sote kuutazama ukuta ule kwa pamoja.

– Nauliza tu, alisema dada. Labda mimi sioni vizuri.

Mzee Kifungu alikohoa.

Mzee Kifungu: Kisheria, mwanangu, shahidi analindwa, na mazingira ya...

Dobi: Mzee, nyamaza.

Hajawahi mtu kumwambia Mzee Kifungu hivyo.

Dobi aliinama mbele, viwiko magotini, ili aweze kuwaona wote mstari mzima. Alimtazama Mzee Kifungu. Alimtazama Wembe, na lile taulo lililobaki kama ngumi. Alimtazama Birika, ambaye kwa mara ya kwanza alionekana kutamani pa kukaa. Kisha akanitazama mimi kibandani, na hakuharakisha.

Dobi: Mdogo wangu ananiuliza nani kampiga. Mimi nawauliza nyinyi kitu chepesi kuliko hicho. Nani alisema ameliona geti?

Maji yalichemka kwenye birika, yakamwagikia makaa. Hakuna aliyeyashughulikia.

Dada aliinuka, akazipanga zile kopi ndani ya bahasha, moja moja, pembe kwa pembe. Hakumsihi mtu.

– Chumba namba tatu, alisema. Hakimu akishaingia mlango unafungwa.

Tulimtazama akienda mpaka akapotea upande wa pili wa duka la dawa. Nilitazama saa ya mashine: saa saba na dakika arobaini. Kutoka hapa hadi mahakamani ni mwendo wa dakika kumi na tano, kwa mtu anayekwenda.