Benchi la Miaka Elfu Tatu

Ukitoka kwenye duka la fotokopi ukakunja kulia, kabla hujaufikia ukuta wa zahanati utalikuta benchi la zege la kukaa watu watano wembamba au wanne wa kawaida. Asubuhi hiyo lilikuwa limepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubandikwa karatasi kwa gundi ya serikali, ile isiyobanduka mpaka tangazo lenyewe lipitwe na wakati. Kizuizi Namba 14 kitaondolewa leo saa sita mchana. Atakayekutwa akifanya kazi juu yake, vifaa vyake vitaondolewa pamoja nacho. Fundi viatu, ambaye ncha moja ya benchi lile ndiyo karakana yake kwa mwaka wa tisa sasa, aliisoma mara tatu, kisha akahesabu viatu vya watu. Jozi kumi na tisa. Wenye viatu hawakuwa na namba yake ya simu wala hawakujua jina lake. Walichojua ni "yule wa pale kwenye benchi". Likiondoka saa sita, saa saba mtaa mzima utajua kwamba fundi ametoroka na viatu.

Aliyekuja na dawa ni Masijala, karani mstaafu aliyetumia miaka thelathini kufungua majalada na hakubahatika kuliona hata moja likifungwa. Alikuja na fomu.

— Usihangaike, ndugu yangu, alisema akijisogeza penye kivuli. Hii ni ya idara ya mambo ya kale. Kitu kikiombewa kuwa cha kale, jalada linafunguliwa. Jalada likishafunguliwa, hakigusi mtu mpaka wajukuu zetu wastaafu. Afisa wao anapita hapa saa tano. Nimeshapiga simu.

— Benchi la zege ndiyo la kale?

— Una ushahidi kwamba si la kale? Wewe ulilikuta. Mimi nililikuta. Shangazi je?

Shangazi, mwenye birika la kahawa, alisema naye alilikuta.

— Basi. Kazi iko kwenye swali la saba.

Akalisoma kwa sauti yake ya ofisini: "Eleza, kwa mistari mitatu, ustaarabu uliokiacha kitu hiki unaifundisha nini jamii ya leo."

Fundi alichungulia saa ya ukutani mle dukani. Saa tatu na nusu. Mistari mitatu tu, akajipa moyo. Alisahau yuko na akina nani.

— Anzia Misri, alisema Maktaba. Huyu alilinda mlango wa maktaba miaka kumi na mmoja bila kuingia ndani, elimu ikampata mgongoni. Akaendelea: Yale mapiramidi wanayosema makaburi, si makaburi. Yalikuwa mabenchi ya umma.

— Yenye ncha?

— Hapo ndipo penyewe. Serikali ilitaka ionekane imewajengea wananchi pa kukaa, ila haikutaka wakae. Ofisi zote unazozijua zilianzia pale.

— Andika hiyo, alisema Shangazi.

— Siandiki kitu cha kuisema ofisi kwenye fomu ya ofisi, alisema Masijala. Naandika Babeli. Wale kila kitu waliandika kwenye vigae vya udongo. Barua, kigae. Likizo ya ugonjwa, kigae. Mnadhani walishindwa vita? Wapi. Rafu ya juu iliporomoka, mji mzima ukafukiwa na barua zisizojibiwa.

— Na funzo lake?

— Zijibiwe.

Fundi alitaka kusema kwamba hilo linatosha, liandikwe, lakini Shangazi alikuwa ameshatua birika chini, na Shangazi akitua birika huwa hapitishi neno la mtu.

— Ninyi wanaume mnapenda habari za kuanguka tu. Warumi je? Barabara zao zilinyooka kama rula. Kwa nini? Hawakuwa na mashemeji. Mtu mwenye shemeji lazima barabara yake ipinde, apite kusalimia. Mimi kutoka kwangu mpaka hapa ni mwendo wa dakika kumi. Natumia saa nzima na robo.

— Kwa hiyo tujifunze kuwa na mashemeji?

— Mjifunze kwamba walifika kila mahali mapema na hakuna aliyewakaribisha ndani.

Saa nne na nusu. Fomu ilikuwa nyeupe vilevile, isipokuwa duara moja la kikombe.

— Jamani, andikeni chochote, alisema Fundi. Nina viatu vya watu hapa.

— Wewe bwana, mambo ya miaka elfu tatu unataka yaishe kwa dakika tatu? alisema Maktaba. Hata Wamaya sijawafikia. Watu wanauliza walipotelea wapi. Waliambiwa njooni kesho. Sisi tukiambiwa kesho tunajua ni lugha tu. Wenzetu walikuwa na kalenda kali, wakapiga hesabu, wakaijua ni lini hasa. Wakaenda wote, na chakula cha njiani. Mpaka leo wako kwenye foleni.

— Lakini Wamaya hawakujenga benchi hili, alisema Fundi. Fomu inawataka waliolijenga.

Kisha Masijala akafunua kalamu kwa adabu, kama mtu anayeingia kwa wakwe, na Dola ya Kona ikazaliwa. Ilitawala kuanzia duka la fotokopi hadi zahanati. Jeshi lake lilikuwa mbwa mmoja na mtu wa kumwita. Kwa kuwa kiti cha enzi kilikuwa cha watu wanne, wafalme walikuwa wanne, na haikuwahi kupigana vita kwa sababu kila mfalme alimsubiri mwenzake atangaze. Haikuanguka pia, maana hakuna jirani aliyejua kama ipo. Mistari mitatu ikawa kurasa nne, zikaambatishwa. Maktaba akasisitiza iongezwe kwamba waliwahi kufika mwezini wakageuza kwa kukosa kahawa. Masijala aliongeza, ila kwa penseli.

Afisa alifika saa tano na nusu, mama mrefu mwenye faili kwapani na futi mkononi. Alizisoma kurasa zote nne akiwa wima, hakucheka hata palipokuwa na mbwa. Shangazi akammiminia kahawa ya mwisho.

— Nimeelewa, alisema. Watu wa kale nimejua walikaa hapa kufanya nini. Ninyi je? Ninyi mnakaa hapa kufanya nini?

Masijala aliangalia kiambatisho, labda kimejibu. Maktaba aliangalia mawingu. Shangazi aliinamisha birika, halikutoa hata tone. Mwenye jibu alikuwa mmoja, naye alikuwa amelikalia: nyundo, sindano na kopo la gundi. Neno moja tu mbele ya mtu wa serikali, na vyote vinapanda lori pamoja na benchi. Fundi alizitazama jozi kumi na tisa.

— Natengeneza viatu, alisema.

Maktaba alimtazama kama mtu aliyeiuza dola. Afisa hakuandika chochote. Alikaa, akavua kiatu cha kulia. Soli ilikuwa imeachama mbele.

— Kimenisumbua tangu asubuhi. Utakiweza?

Dakika kumi kabla ya saa sita, lori liliegeshwa mbele yao na msimamizi akateremka na karatasi yake.

— Shikamoo, mama. Naomba usimame, tunaondoa kizuizi.

— Marahaba. Sisimami, nina kiatu kimoja.

— Sasa hiki ni kizuizi au ni cha kale? aliuliza msimamizi akichungulia faili la idara ya mambo ya kale.

— Sijaamua. Nitaamua nikishavaa.

Msimamizi aligeuza karatasi, upande wa pili hapakuwa na msaada. Akasema lori linatakiwa liwe limerudi yadi saa saba, na likishapita hapa, zamu ya mtaa huu ni mwezi ujao. Kisha akamwuliza Fundi kazi hiyo ni ya muda gani.

— Ndogo tu, kaka, alisema Fundi.

Soli ile ilihitaji mishono kumi na miwili. Fundi alichagua uzi mrefu kuliko wote, akaupaka nta pole pole, pima baada ya pima, akaanzia kwenye kidole gumba. Saa sita na nusu alikuwa kwenye mshono wa arobaini, na kisigino alikuwa bado hajakiona.