Kadi Niliyoiita Uchuro

Sikilizeni, wanangu, sogezeni viti, maana sauti yangu haifiki mbali tena na muuguzi atakuja kuwatoa sasa hivi. Kitinda mimba, futa machozi kwanza, utalia baadaye.

Karakana ya useremala nimeijenga kwa mikono hii, na mnajua nilivyojigamba kwamba miaka thelathini sijameza hata kidonge. Siku mafundi wenzangu walipojiunga na bima ya afya, karani wa bima alinipa fomu, nami nikaicheka mbele yao, nikasema mtu mzima kukata bima ni kujichuria, ni kuualika ugonjwa nyumbani. Ile kadi nikaiita uchuro, na mama yenu alipotaka kuwaandikisha ninyi nikamfokea mpaka akanyamaza. Nisameheni. Ujinga ule ulikuwa wangu peke yangu.

Tumbo lilipoanza kuvimba nilikwenda mbio kwa karani yuleyule, kofia mkononi. Akasema kwa upole, "Baba, ungekuja ukiwa mzima. Kwa ugonjwa huu kuna miezi sita ya kusubiri kabla bima haijalipa." Nilimbembeleza mpaka watu wakageuka kunitazama. Miezi sita, wanangu, mimi naitoa wapi?

Wewe, mwanangu wa kwanza, najua umeshampeleka mnunuzi akaone mashine ya randa na kiwanja, ili viuzwe nipasuliwe. Mrudishe. Daktari hakuniahidi hata wiki mbili, nipasuliwe nisipasuliwe. Msidhani sitaki kuishi. Nataka, tena naogopa kufa, naogopa sana. Lakini sitaondoka na riziki yenu tumboni. Karakana ni yenu nyote pamoja na mama yenu, isikatwe vipande, na asiguse mtu hata msumeno kabla hajamwonesha mama kadi yake ya bima.

Usitabasamu, mkubwa. Usiniambie hujawahi kuumwa hata kichwa. Maneno hayo uliyaokota kwangu, na ona yalivyonilaza hapa. Watu wa bima wanakupokea ukiwa na nguvu zako. Zikiisha, wanakuonea huruma tu.

Mungu awape afya... awape na akili ya kutoiamini mno. Mpendane. Mama yenu asiachwe peke yake, hata... nipeni maji. Basi, yatosha.

Mkubwa, nishike mkono. Usiniambie nitapona. Niambie kesho utakwenda kwa karani. Sema, mwanangu... sema kwa sauti, nisikie.