Munyi wa Dirisha la Nyuma

Mwanangu Kiende amejivika sasa hivi kofia ya Mzee Munyi iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango. Imemfunika mpaka puani, anagonga viti akicheka. Nimemwacha tu. Tarehe thelathini Septemba mwenye kofia anastaafu, baada ya kuwatumikia wakulima wa Kiambere miaka thelathini na mmoja, na sijui ofisi yetu ya kilimo itafanana na nini.

Bwana Josphat Munyi alianza kazi na baiskeli, boma hadi boma, akifundisha watu kupanda ndengu kwa mistari. Wanasema mbwa wa huku walimjua kuliko mkubwa wake wa kazi. Ruzuku ya serikali ilipokuja, yaani mbegu na mbolea za bei nafuu, akapewa kazi ya kuwathibitisha wakulima. Kila mtu lazima aje mwenyewe na kitambulisho. Asiyekuja, msimu unampita.

Msimu mmoja Mama Igoki, anayelima kule karibu na bwawa, alikuwa amebakisha mtu mmoja afike mezani. Kuinua macho, huyo hapo mume wa binti yake anaingia. Sasa, huku kwetu mama mkwe na mkwewe hawabanani kwenye chumba kimoja. Mama akajifunika leso, akatoka, akaenda zake bila mbegu.

"Huyo anaringa, mfute kwenye orodha," karani wetu Mugendi akasema.

Mzee Munyi hakumfuta. Jioni alimfuata mpaka nyumbani, akamthibitisha palepale jikoni. Kesho yake akabandua mbao zilizoziba dirisha la nyuma, akaweka benchi nje. Tangu hapo, mama akimwona mkwe kwenye laini anazunguka huko, na hakuna wa kumuuliza kitu.

Mugendi alicheka sana. "Mzee, hii ni ofisi ama ni arusi?"

"Kijana, huyu mama akikosa mavuno, utampikia wewe?"

Baadaye Mugendi naye akaoa. Siku hizi mama ya bibi yake akitokea mlangoni, yeye ndiye wa kwanza kuingia chini ya meza.

Mimi nilikuja hapa kufagia, nikiwa na mimba ya Kiende. Masomo yangu yaliishia kidato cha pili. Mzee alinikalisha karibu naye dirishani, akanifundisha kazi polepole, na nikikosea anasema tu, "Rudia, mama." Hakuna aliyewahi kuniita mama kwa heshima hivyo.

Ofisa anayekuja kushika nafasi yake hatumjui. Tunasikia anataka mlango mmoja na laini moja, dirisha lizibwe. Mvua nayo iko karibu. Nimeenda kwa wakubwa kuomba niachiwe hilo dirisha, hawajanijibu, lakini pia hawajakataa. Mzee akishaondoka, asubuhi nitakuwa natega sikio nisikie pikipiki yake ikipanda mlima, hata nikijua haiji.

Mzee, asante. Nenda ukalime shamba lako sasa, mvua ikukute umeshapanda, na Mungu akuzeeshe vizuri pamoja na mkeo, Mama Beth. Usitusahau. Sisi huku, mradi nipo, hakuna mama atakayerudi nyumbani mikono—

Naitwa. "Purity! Kimbia dirishani, kuna mama hapa, na mkwewe ndiye huyu anashuka kwa pikipiki!" Haya, nakuja, wacha nimbebe Kiende, nitamalizia ni—