Milembe Shigela na Tope la Kijito

Ndugu waombolezaji, familia imeona vema mjue maisha ya mama yetu Milembe Shigela, aliyezaliwa Kasoli tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Shigela Ndalahwa, mkulima wa pamba, na mkewe Nyanjige, akafuatiwa na Maige, ambaye Milembe alimbeba sana mgongoni hadi wageni wakadhani ni mwanawe.

Alianza shule hapohapo Kasoli mwaka 1970, akahitimu chuo cha maji mwaka 1983, na kuanzia 1984 hadi alipostaafu mwaka 2021 alikuwa fundi wa maabara ya maji, mtu wa buti na kicheko kikubwa. Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Sylvester Limbu hapa Bariadi, wakajaliwa Joyness na Novatus.

Agosti 2016 alipima kijito cha nyumbani kwao, maji yakaonekana salama, lakini hakuridhika, akachota tope la chini, na majibu yakaonyesha zebaki na madini ya risasi kupita kiasi, kutoka kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa dhahabu, yaliyorundikwa ukingoni, na mwenye marudio hayo alikuwa Maige.

Aliyasoma majibu kwenye mkutano wa kijiji.

"Dada, unanianika mbele za watu?" Maige aliuliza.

"Watoto wako wanaoga pale, mdogo wangu. Ningenyamazaje?"

Kwa miaka miwili Maige hakukanyaga kwa dada yake, naye mama kila msimu alimpelekea michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kapu likarudi tupu, bila hata salamu. Juni 2018 Maige aliyahamisha marudio mbali na kijito, akaja mlangoni, akasema tu, "Dada, njoo upime tena," naye mama kwa furaha akavaa buti kabla hata ya kumkaribisha kiti. Zebaki bado ilikuwemo, kwa kuwa tope haliiachi upesi, hivyo wakawa wakienda kupima pamoja kila kiangazi.

Novemba 2024 alipatwa na kiharusi, Maige akawa anamlisha uji kwa kijiko, hadi mama alipofariki hospitalini Bariadi, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuteka maji, wafanyakazi wenzake wa maabara, na Maige, aliyetuomba habari ya kijito isomwe yote, pasipo kumficha.

Mayu Milembe, mama yetu, tumekupenda, nenda ukapumzike kwa amani.