Mwambie Asikue

Ndani ya basi, fundi cherehani alitega sikio. Mbele yake, ofisa mipango wa serikali alimwahidi bibi mmoja chekechea ya bure kwa yatima walio chini ya miaka mitano. "Mjukuu wangu huyu hana baba wala mama, na ana miaka minne. Aanze lini?" "Mpango ni wa miaka mitano, bibi. Mwaka huu tunawahesabu watoto, mwakani tunatafuta viwanja." "Mwanangu, hiyo chekechea ni ya wenye ndevu?"

Fundi alibana kicheko. Ofisa akasema haraka haraka haina baraka, methali ipendwayo sana na wenye mshahara.

Basi likasimama mbele ya ofisi yake. Bibi akampakatisha ofisa mtoto. "Haya, shuka naye. Mwambie mwenyewe asikue."