Shamba Lililopita Mshipani

Nawasalimu kwa jina la Mungu ambaye bado sijamaliza kubishana naye.

Ndugu zangu, mke wangu, mama wa kwangu, mnamjua. Miaka ile simu za mkono zilipoanza kuwa za kila mtu, utumbo wake ulijisokota ukaoza. Madaktari kule hospitalini Upper Hill wakakata, wakambakishia kipande. Akila kwa mdomo, mwili haupati kitu. Ikawa ni kulishwa kwa mshipa, mfuko mweupe kama maziwa, unadondoka pole pole.

Bei ya kitanda cha hospitali ikatumaliza. Nikauliza, siwezi kumlisha nyumbani? Daktari akanitazama viatu. Nawaambia, viatu!

"Mzee, unajua bei ya mfuko mmoja? Na friji? Na nesi?"

"Daktari, hesabu na kitanda chako, halafu tulinganishe."

Akahesabu. Akasaini karatasi ya kumruhusu aende nyumbani.

Nikauza shamba la baba. Kaka yangu akaja mbio: "Wewe! Na huyu tutamzika wapi?"

"Hazikwi, anakula. Anakula shamba kwa mshipa. Ama ulitaka shamba limle yeye?"

Friji niliitoa River Road, mtumba. Aliyeniuzia alikuwa na kikohozi kibaya... tuache hiyo. Nesi akanifundisha kunawa mpaka kwenye viwiko, maana uchafu kidogo ukiingia kwenye ule mpira wa mshipani, mtu anakufa.

Sasa nyinyi akina mama wa kikundi cha kanisa mkaja Loresho, kile chumba cha nyuma nilichopewa na mwenye boma ninayemkatia majani. Vyondo, vile vikapu vyenu, vimejaa uji na njahi, yale maharagwe meusi, mnaimba, mnataka kumkumbatia. Yeye ndani anasikia harufu ya njahi, analia. Nikasimama mlangoni, nikawazuia. Mkaniita mchoyo wa mgonjwa. Sikutoka!

Mpaka mmoja wenu akauliza, "Basi baba, tulete nini?"

"Leteni glavu. Spiriti. Barafu stima ikipotea. Mchange pesa za mfuko."

Mlicheka. Halafu mkaleta, mkaendelea kuleta, mpaka kile kipande cha utumbo kikajifunza kazi na yeye akameza kijiko cha kwanza cha uji. Asanteni. Asante nesi, hata yule daktari, na viatu vyake.

Ukienda kuona mgonjwa, uliza anakula nini kabla hujawasha jiko. Na wanaonicheka eti nimekula urithi, wacheke. Shamba sina. Lakini nikichelewa hapa, kuna mtu nyumbani atanigombeza.